UNENE, OPERESHENI YA TUMBO NA KAZI YA MOYO

(Hotuba iliyosomwa na fundi wa mabehewa mbele ya mkutano wa tawi. Inachapishwa hapa kwa ajili ya wanachama ambao siku hiyo walikuwa zamu.)



Mimi si daktari. Mimi ni fundi wa mabehewa, na masomo yangu yalikoma katika shule ya msingi ya misheni. Lakini kusoma sikuacha. Jambo hili nimelisoma kwa muda, nimeuliza wauguzi na madaktari, na yale niliyoyapata nimeyaandika katika daftari hili mnaloliona. Nitawaeleza yale tu ambayo yamepimwa na kuandikwa.

Mnalikumbuka shauri lililoletwa mbele yetu. Mwenzetu mmoja, ambaye jina lake halitatajwa hapa wala halifai kutajwa huko nje, ameambiwa na daktari kwamba anafaa kufanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo. Unene wake umezidi, presha iko juu, na sukari imeanza. Ameomba mfuko wetu wa kusaidiana umsaidie sehemu ya gharama. Hapo maneno yakazuka. Wengine walisema mfuko ni wa wagonjwa na wafiwa, si wa watu wanaotaka kupendeza. Wengine walisema mtu mnene afunge mdomo, basi, mambo yatakwisha. Wengine walicheka tu. Kamati ikaahirisha shauri hilo mpaka leo.

Basi, ndugu zangu, swali ni hili: operesheni hii ni ya urembo, au ni ya moyo? Mimi nasema ni ya moyo, na nitawaonyesha kwa hesabu. Lakini nasema pia kwamba kisu peke yake hakitoshi. Tukitoa fedha ya kisu tukasahau miaka inayokuja baada ya kisu, tutakuwa tumejenga daraja tukasahau kulikagua.

KAZI YA MOYO

Moyo wa mtu ni pampu ya nyama, ukubwa wake ni kama wa ngumi yake mwenyewe. Mtu akiwa ameketi tu, hupiga kama mara 70 kwa dakika, yaani kama mara 100,000 kwa siku. Kila dakika husukuma karibu lita 5 za damu. Hesabuni wenyewe: ni karibu debe moja kila dakika nne, mchana na usiku, bila siku ya mapumziko na bila likizo ya mwaka.

Sasa mtu akinenepa, tunadhani mafuta yale ni mzigo mkavu, kama gunia la saruji mgongoni. Sivyo. Mafuta ya mwili ni kitu hai, yana mishipa, nayo hudai damu yake kama viungo vingine. Kwa hiyo mwili huongeza damu, na moyo hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi katika kila pigo. Hata mtu akilala kitandani, mzigo huo hautuliwi.

Sisi wa reli tunajua maana ya mzigo. Kutoka Mombasa mpaka Nairobi treni hupanda zaidi ya mita 1,600. Zamani kulikuwa na zile injini za Garratt za klasi ya 59, zilizoletwa mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250. Mmoja wao, Mount Gelai, yuko katika Jumba la Makumbusho la Reli hapa Nairobi; nendeni mkaitazame. Ilikuwa injini yenye nguvu ya ajabu, na hata hivyo iliwekewa kiasi cha tani za kuvuta mlimani. Mzigo ukizidi, hakuna aliyemwambia dereva ajitahidi tu. Mabehewa yaliachwa nyuma, au injini ya pili ilifungwa. Moyo hauna injini ya pili.

Moyo uliozidiwa hufanya nini? Hufanya kama mkono wa mhunzi: ukuta wake hunenepa. Mkono wa mhunzi ukinenepa ni sifa njema, lakini ukuta wa moyo ukinenepa huwa mgumu. Haulegei vizuri kupokea damu. Damu hurudi nyuma kuelekea mapafu, mtu akapata kuhema kwa kupanda ngazi chache, na miguu ikavimba jioni. Huo ndio mwanzo wa moyo kushindwa kazi.

Tena kuna mambo manne yanayokuja pamoja na unene, na kila moja huupiga moyo kwa upande wake. La kwanza ni presha: figo za mtu mnene hushika chumvi na maji kupita kiasi, na mishipa hukazwa. La pili ni ugonjwa wa sukari, ambao huharibu mishipa mikubwa na midogo. La tatu ni mafuta mabaya ndani ya damu, ambayo huganda katika kuta za mishipa. La nne ni kukoroma kule ambako pumzi hukatika usiku. Nyama za kooni huziba njia, hewa hukosekana, mtu hushtuka, hupumua, kisha huziba tena, mara nyingi katika usiku mmoja. Presha hupanda kila mara. Asubuhi mtu huamka amechoka kana kwamba hakulala. Akiwa dereva au gadi, usingizi wake huo ni hatari kwa abiria wote, si kwake peke yake.

OPERESHENI YENYEWE

Operesheni ya namna hii si jambo la jana. Mwaka 1954 madaktari wa Marekani walieleza jinsi ya kukwepesha chakula kisipite katika sehemu kubwa ya utumbo. Njia ile ilipunguza watu uzito sana, lakini ilileta madhara makubwa, ikaachwa. Mwaka 1966 daktari Edward Mason, pamoja na mwenzake Chikashi Ito, katika Chuo Kikuu cha Iowa, walianza njia nyingine ya kukwepesha tumbo, na hiyo ndiyo mzazi wa ile inayotumika leo.

Siku hizi njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kukwepesha. Daktari hutenga sehemu ndogo ya juu ya tumbo, kiasi cha yai tu, kisha huiunganisha na utumbo mwembamba chini zaidi. Chakula hupita njia fupi, kama treni inayopitishwa njia ya pembeni isifike stesheni kubwa. Ya pili ni kukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo, yapata robo tatu au zaidi, ikabaki kama mfereji mwembamba wenye umbo la ndizi. Zote mbili kwa kawaida hufanywa kwa matundu madogo, na kamera huingizwa ndani. Hapa kwetu hufanywa katika hospitali kadhaa za Nairobi.

Wengi hudhani kazi yake ni kupunguza nafasi ya chakula tu. Kuna zaidi ya hayo. Tumbo na utumbo hutoa homoni, ambazo ni wajumbe wanaopeleka habari kwenye ubongo: huyu ana njaa, huyu ameshiba. Baada ya operesheni wajumbe wa shibe huongezeka, na ule wa njaa mara nyingi hupungua, hasa kwa ile njia ya pili. Sukari ya damu huanza kushuka katika siku chache, kabla uzito haujapungua sana.

Sasa turudi kwa ndugu anayesema mtu afunge mdomo. Mimi sipingi kula kwa kiasi. Lakini mtu mnene sana akijinyima chakula, mwili wake huona ni wakati wa njaa. Huongeza wajumbe wa njaa na hupunguza matumizi, na uzito ukirudi, mara nyingi hurudi wote. Si kwamba hana adabu ya mdomo. Anashindana na mwili wake mwenyewe kila saa, mwaka baada ya mwaka. Ushahidi wa hayo utaonekana katika hesabu zifuatazo.

HESABU ZA USWIDI

Ndugu zangu, habari kubwa ya jambo hili inatoka Uswidi. Kuanzia mwaka 1987 mpaka 2001, madaktari wakiongozwa na Lars Sjöström waliandikisha watu wanene sana, wenye umri wa miaka 37 mpaka 60. Watu 2,010 walifanyiwa operesheni. Wengine 2,037, waliofanana nao kwa umri, uzito na hali ya afya, hawakufanyiwa. Waliendelea na matibabu ya kawaida ya zahanati zao. Kisha madaktari wakakaa kuwafuata kwa miaka na miaka, wakihesabu nani anaugua na nani anakufa.

Ni lazima niseme kweli: watu wale hawakupigiwa kura nani apasuliwe. Walichagua wenyewe. Kwa hiyo mtu mbishi anaweza kusema huenda waliochagua kisu walikuwa na bidii zaidi. Ndiyo maana madaktari walijitahidi kuwalinganisha kwa mambo mengi. Hata hivyo hesabu hii iliwafuata watu wengi kwa uangalifu na kwa muda mrefu, nayo inategemewa.

Uzito kwanza. Waliokwepeshwa tumbo walipoteza karibu theluthi ya uzito wao katika mwaka mmoja au miwili ya kwanza, na baada ya miaka 10 bado walikuwa chini kwa robo. Wale ambao hawakupasuliwa, kwa miaka yote hiyo uzito wao haukusogea zaidi ya asilimia 2 juu au chini. Huo ndio ushahidi niliowaahidi. Watu zaidi ya elfu mbili, katika nchi yenye madaktari na zahanati za kutosha, na uzito wao kwa wastani ulibaki pale pale. Je, wote hao walikuwa wavivu?

Sasa moyo. Taarifa iliyotolewa mwaka 2012, baada ya kuwafuata kwa kadiri ya miaka 15, ilisema hivi: katika wale ambao hawakupasuliwa, watu 49 walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa. Katika waliopasuliwa walikufa 28. Waliopata mshtuko wa moyo au kiharusi kwa mara ya kwanza walikuwa 234 upande wa wasiopasuliwa, na 199 upande wa waliopasuliwa.

Mwaka 2016 walitoa hesabu ya ugonjwa mwingine, ule wa moyo kupiga ovyo bila mpango, ambao huleta damu kuganda na kiharusi. Katika kila watu 100 wasiopasuliwa, karibu 17 waliupata. Katika waliopasuliwa, karibu 12. Mwaka 2017 hesabu nyingine ya Uswidi ililinganisha zaidi ya watu 25,000 waliokwepeshwa tumbo na zaidi ya watu 13,000 waliofuata mpango mkali wa chakula. Hatari ya kulazwa hospitali kwa sababu ya moyo kushindwa kazi ilikuwa karibu nusu kwa waliopasuliwa.

Mwaka 2020 wakahesabu umri. Waliopasuliwa waliishi kwa kadiri ya miaka 3 zaidi kuliko wanene wenzao wasiopasuliwa. Miaka 3, ndugu zangu, ni muda wa mtoto kumaliza sehemu kubwa ya sekondari mzazi wake akiwa hai. Huo ni urembo gani?

Lakini hesabu hiyo hiyo ilisema neno la pili, nalo tusilifiche. Hata waliopasuliwa walikufa mapema kuliko watu wa kawaida wa Uswidi, kwa kadiri ya miaka 5 na nusu. Kisu kilirudisha sehemu tu ya kile ambacho unene ulikuwa umechukua.

NDANI YA MOYO KUNATOKEA NINI

Mzigo ukipungua, kwanza damu inayozunguka hupungua. Moyo hupiga polepole zaidi mtu akiwa ameketi. Presha huanza kushuka katika majuma ya kwanza. Kisha, katika miezi inayofuata mpaka kama mwaka, ukuta wa moyo ulionenepa huanza kupungua unene na hulegea vizuri zaidi. Mafuta yaliyouzunguka moyo hupungua. Kukoroma hupungua, na kwa wengi ile pumzi iliyokatika usiku hutengemaa. Mtu aliyekuwa akisimama mara tatu katika ngazi, sasa anapanda bila kusimama.

Habari ya presha ilipimwa vizuri katika mji wa São Paulo, Brazili, na hapo kura ilipigwa kweli nani apasuliwe na nani asipasuliwe, kwa hiyo yule mbishi hana neno. Walikuwa watu 100 wanene wenye presha, na taarifa ilitolewa mwaka 2018. Baada ya mwaka mmoja, katika watu 49 waliokwepeshwa tumbo, 41 walikuwa wamepunguza dawa zao za presha kwa asilimia 30 au zaidi, na presha imetulia. Katika watu 47 waliotumia dawa peke yake, waliofanikiwa hivyo ni 6. Tena 25 katika wale 49 waliacha dawa zote za presha wakabaki na presha nzuri. Kwa upande wa pili hakuna hata mmoja.

Kuna jambo moja ambalo moyo hauwezi kurudishiwa. Sehemu ya moyo iliyokwisha kufa kwa sababu mshipa uliziba, hiyo imekufa. Operesheni ya tumbo haiifufui. Kwa hiyo mwenye kusubiri mpaka mshtuko wa moyo umpate ndipo afikirie uzito wake, amechelewa kwa sehemu hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena msifikiri mizani inasema yote. Katika hesabu za Uswidi, faida kwa moyo haikuwafuata wale waliokuwa wanene kupita wenzao mwanzoni. Iliwafuata zaidi wale ambao damu yao ilikuwa na insulini nyingi, yaani wale ambao mwili wao ulikuwa unaelekea kwenye ugonjwa wa sukari. Maana yake ni hii: tusimpime mtu kwa macho tukasema huyu anastahili kusaidiwa na huyu hastahili. Mwenye kupima ni daktari, kwa damu na kwa vyombo.

KISU SI MWISHO WA SAFARI

Sasa nasema upande wa hatari, maana anayesifu tu huuza bidhaa.

Kwanza, ni operesheni kweli. Katika wale 2,010 wa Uswidi, watu 5 walikufa ndani ya siku 90. Wengine walipata damu kuganda, jeraha kuvuja, au vidonda kuoza. Mbinu za leo ni bora kuliko za wakati ule, lakini hatari haijafika sifuri, na mgonjwa lazima aambiwe kabla ya kutia sahihi.

Pili, ugonjwa hurudi kwa wengi. Katika Uswidi, kati ya kila wagonjwa 100 wa sukari waliopasuliwa, 72 walikuwa hawana ugonjwa huo baada ya miaka 2. Baada ya miaka 10 waliobaki hivyo walikuwa 36. Presha vivyo hivyo: kati ya kila 100, walipona 34 baada ya miaka 2, na 19 baada ya miaka 10. Bado ni wengi kuliko wasiopasuliwa, ambao walikuwa 11. Lakini mnaona wenyewe mteremko wake. Kwa hiyo mtu aliyepona presha mwaka huu aendelee kupimwa mwaka ujao, na ujao, na ujao.

Tatu, dawa. Presha ikishuka upesi na mtu bado anameza vidonge vile vile vya zamani, atapata kizunguzungu, ataanguka. Mfanyakazi wa reli akianguka kando ya njia ya treni, mnajua mwisho wake. Daktari ndiye apunguze vidonge, hatua kwa hatua. Mtu asijipunguzie mwenyewe, wala asiache ghafla kwa sababu suruali imelegea.

Nne, lishe. Tumbo lililokwepeshwa halifyonzi vizuri madini ya chuma, vitamini B12 na kalsiamu. Madini ya chuma yakipungua damu huwa nyepesi, na moyo hulazimika kupiga mbio ili mwili upate hewa ya kutosha. Hapo mzigo tuliouondoa kwa mlango wa mbele umerudi kwa mlango wa nyuma. Tena mtu akitapika siku nyingi, vitamini B1 huisha, na hiyo huharibu mishipa ya fahamu na huweza kuuangusha moyo wenyewe. Kwa hiyo vidonge vya vitamini humezwa maisha yote, na mwenye kutapika mfululizo arudi hospitali upesi.

Tano, mambo madogo yenye hatari kubwa. Pombe humpanda kichwani upesi mtu aliyekwepeshwa tumbo, na wengine wametumbukia katika ulevi baada ya operesheni. Dawa za maumivu kama ibuprofeni, ambazo sisi hununua dukani kama peremende baada ya kazi nzito, huleta vidonda vya tumbo kwa mtu kama huyo. Aulize daktari kwanza.

Wengine mtaniuliza habari za zile sindano mpya za kupunguza uzito. Ni kweli, zipo. Mwaka 2023 ilitolewa taarifa ya dawa iitwayo semaglutidi, iliyojaribiwa kwa watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na uzito uliozidi, wasio na ugonjwa wa sukari. Vifo vya moyo, mishtuko na viharusi vilipungua kwa asilimia 20. Ni habari njema, nayo inathibitisha neno lile lile: unene ni jambo la moyo. Lakini sindano ikiachwa, uzito kwa kawaida hurudi, na bei yake si ya mfuko wa kila mtu. Daktari na mgonjwa ndio wachague njia.

HALI YETU HAPA KENYA

Msidhani haya ni ya Uswidi na Brazili tu. Mwaka 2015 Wizara ya Afya yetu ilipima watu wazima nchi nzima. Katika kila wanawake 100, karibu 39 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Katika wanaume, karibu 18. Karibu mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na presha. Na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamepimwa presha hata mara moja maishani.

Itazameni kazi yetu. Dereva hukaa kitini saa nyingi. Mtu wa zamu ya usiku hula chipsi na soda saa nane za usiku, kisha hulala mchana katika kelele. Karani haondoki mezani. Chai yetu ni ya sukari vijiko vitatu, na siku ya mshahara ni nyama ya kuchoma na chumvi kibao. Sisemi haya kuwalaumu. Nasema kazi yenyewe inachangia, na kwa hiyo ni jambo la chama, si la mtu na mdomo wake peke yake.

Wala si kila mwenye kitambi anafaa kisu. Madaktari hutumia kipimo: uzito kwa kilo, gawanya kwa kimo kwa mita, kisha gawanya tena kwa kimo. Mtu wa mita 1.70 mwenye kilo 116 hupata 40. Kwa miaka mingi sharti lilikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama presha na sukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa kazi hiyo vililishusha: 35 hata kama hana maradhi, na kuanzia 30 kwa mwenye ugonjwa wa sukari na mfano wake. Sisi wengine wenye kitambi cha kawaida dawa yetu ni miguu, mboga, kupunguza chumvi na sukari, na kulala vya kutosha.

MAPENDEKEZO

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu ufikirie mambo manne.

La kwanza: ombi la mwenzetu lipimwe kama ombi lolote la mgonjwa. Barua ya daktari isomwe na kamati peke yake, si na mkutano mzima. Na neno urembo lisisemwe tena katika shauri hili.

La pili: mfuko ukikubali kusaidia, usitoe fedha yote kwa ajili ya siku ya operesheni. Sehemu iwekwe kando kwa vipimo vya damu, vidonge vya vitamini na safari za kurudi kwa daktari, angalau kwa miaka miwili ya kwanza. Fedha hiyo ndogo ndiyo italinda ile kubwa.

La tatu: viongozi wetu wakikaa tena mezani na mwajiri, waombe kwamba mfanyakazi aliyefanyiwa operesheni ya namna hii apewe likizo ya ugonjwa inayotosha, na kazi nyepesi mpaka daktari aseme. Tena mtu anayekwenda kupimwa asiogope kwamba kipimo kitatumiwa kumwondoa kazini. Wenye kuogopa hivyo huficha presha mpaka siku wanapoanguka.

La nne: tawi linunue chombo cha kupimia presha, kikae ofisini, na kila mwanachama apimwe na iandikwe katika kadi yake. Gharama yake tukigawana ni senti chache kwa kila mtu. Behewa halitoki karakana bila breki kupimwa. Basi na mtu anayelitengeneza apimwe.

Kwa wale waliocheka siku ile, sina ugomvi nanyi. Tulicheka kwa sababu tulitazama tumbo, hatukuutazama moyo ulio juu ya tumbo hilo, unaosukuma debe lake kila dakika nne. Mwenzetu hakuomba kupendeza. Ameomba aendelee kufanya kazi, alipe karo za watoto wake, na afike umri wa kustaafu akiwa anatembea kwa miguu yake. Hiyo ndiyo sababu mfuko huu ulianzishwa.

Naomba pendekezo la kwanza lipigiwe kura leo, kwa maana daktari wake anangoja jibu. Mengine matatu kamati iyapeleke mbele.

Umoja ni nguvu.